Bao la Reli

Edna alikuwa na kesi moja tu duniani, na kesi yenyewe ilimzidi umri. Baba yake, marehemu Christopher, aliwahi kuwa golikipa wa Tanganyika kwenye Kombe la Gossage, lile walilogombea Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja kabla bendera hazijabadilika. Mwishoni mwa miaka ya hamsini, mbele ya umati wa Dar es Salaam, mpira wa Kenya ulikuja golini kwake polepole, mpira ambao bibi yako angeudaka kwa kanga. Christopher akainama, halafu akanyoosha mgongo, akauacha. Tanganyika ikafungwa bao moja kwa bila, na jioni ile ile watu wakasema kauza mechi. Walisema hivyo mpaka siku wanamzika.

Sasa wewe jaribu kukulia Musoma na jina hilo. Mkenya aliyefunga bao alijulikana kwa jina la uwanjani tu, Reli, kwa kuwa ndilo lililotangazwa redioni. Edna akienda kisimani anaulizwa, "Reli alimpa nini baba yako?" Akienda shule, hivyo hivyo. Akirudi nyumbani analia, baba yake anachukua kofia yake msumarini na kutoka nje, hasemi hiki wala kile. Mtu akikaa kimya miaka yote hiyo, majirani humalizia wenyewe yale asiyoyasema.

Kuna mtu mmoja tu aliyemtoa Edna kwenye mdomo wa majirani, naye ni Mwita, mdogo wake Christopher. Mwita alikuwa ametangulia Marekani na kazi ya udereva wa ubalozini, ubalozi ukamaliza naye, yeye akabaki Washington anaendesha teksi. Akamwita Edna, akamsomesha chuo kule Annandale mpaka akawa nesi, na harusi yake akasimama yeye kama baba. Sasa mzee yuko karibu na miaka tisini, anaishi nyumbani kwa Edna, Germantown, chumba cha juu chenye dirisha la kuangalia magari. Edna anampikia uji wa ulezi kila asubuhi kabla ya kuingia barabarani, na haoni kama anatenda wema wowote. Ni baba yake mdogo, basi.

Mzee ana kituko chake kimoja. Ukishika kitu kizito, mfuko wa mchele, koleo la theluji, chochote, anakuja mbio na magoti yake mabovu na kupaza sauti kwa Kikuria, maneno mawili, maana yake acha, wangu. Ana sauti huyo mzee, hata viziwi wa mtaa wa pili wanaachia. Edna mkono wake unafunguka wenyewe kabla hajafikiri. Aliwahi kumuuliza kaipata wapi tabia hiyo, akajibiwa kwamba ndivyo alivyokuwa akimwita Christopher walipokuwa wadogo wanachunga ng'ombe na kucheza mpira, kaka golini, yeye beki. Akisema acha, kaka anaacha, hageuki hata kuangalia.

Kila Julai Watanzania na Wakenya wa maeneo haya ya Washington hucheza mechi yao Bladensburg, kwenye bustani iliyo kando ya mto Anacostia. Zaidi ya mpira kuna nyama choma, kuna kutambiana, na kuna watu wazima wenye vitambi wanaokimbia dakika kumi kisha wanakaa wiki nzima na barafu magotini. Mwaka huu Anatoli, mwenyekiti wa Watanzania, akaja na wazo zuri. Kabla ya mechi yatasomwa majina ya wachezaji wa zamani wa kombe lile, watu wasimame wapige makofi. Kwenye kundi la simu kila mtu akafurahi, mpaka bwana mmoja wa Annandale akaandika kwamba yule golikipa aliyeuza mechi tumruke.

Edna alijibu kwa ujumbe wa sauti. Sitaurudia hapa, wapo waliousikia wakiwa kanisani na simu haijazimwa. Anatoli akampigia kumtuliza. "Dada Edna, mimi sina neno na marehemu. Niletee mtu mmoja, mmoja tu, aliyekuwa uwanjani siku ile, aseme mbele za watu kwamba hakuuza. Nitalisoma jina lake la kwanza kabisa."

Alidhani kamfungia mlango, maskini. Edna akauliza hospitalini anakofanya kazi, na Awino, nesi mwenzake kutoka Kisumu, akamwambia kuna mzee mmoja wa kanisani kwao, Nehemiah, anaishi na binti yake, alikuwa winga wa Kenya miaka hiyo hiyo. Na kichwa chake kiko sawa kuliko cha daktari wa zamu. Edna aliufunga mlango wa stoo ya dawa akalia kwa furaha.

Jioni ya Ijumaa akamweleza baba mdogo wakati wa chakula. Mzee hakuwahi kwenda kwenye ile mechi ya Julai hata mara moja. Leo mguu, kesho jua, mwaka mwingine simsikii vizuri mtangazaji. Na ile mechi yenyewe ya kale alisema hakuiona, alikuwa kazini Kenya, Nakuru. Alisikiliza habari za Nehemiah huku ameshika kijiko, akauliza, "Atakuja kweli?" Edna akasema atakuja. Mzee akamaliza ugali wake, akaosha sahani, akapanda ngazi. Asubuhi Edna anatoka na kasha la vinywaji, anamkuta ameshakaa ndani ya gari, kofia kichwani, mkanda amefunga.

Akajisemea, mzee anataka kusikia jina la kaka yake likisafishwa. Moyo ukamjaa.

Bladensburg watu walikuwa wengi, jezi za njano huku, nyekundu kule, moshi wa nyama umetanda mpaka mtoni. Edna akamkunjulia mzee kiti pembeni. Nehemiah akaletwa na binti yake, mrefu, mkavu, suti ya kijivu kwenye jua la Julai. Edna akaenda kumwamkia kwa magoti kidogo kama alivyofunzwa, hakumwambia yeye ni nani, hakutaka aonewe huruma. Anatoli akampa kipaza sauti.

"Asanteni sana," Nehemiah akaanza, kwa kile Kiswahili cha Kenya kisichopoteza muda. "Nimeambiwa mnataka kujua ile bao. Mimi ndiye nilitoa krosi, kwa hivyo niulizeni mimi. Ilikuwa krosi mbaya sana. Iliteleza kwa mguu."

Watu wakacheka.

"Ikaenda pole pole kwa kipa. Hiyo si bao, hiyo ni mpira ya mtoto. Kipa akainama ashike. Sasa sisi tulikuwa na kijana anafanya kazi ya reli huko Nakuru, na ndiyo tulimwita hivyo, Reli. Huyo alikuwa Mkuria. Ninyi mnajua Wakuria, mpaka umewapitia katikati, huku shangazi, kule mjomba. Na yule kipa wenu pia alikuwa Mkuria. Reli alikuwa nyuma yake, mimi namwona. Akaita kwa lugha ya kwao, maneno mawili, kwa sauti kubwa. Kipa akanyooka, akainua mikono, akaacha mpira ipite, kama ni beki wake amemwambia. Reli akaingia, akasukuma ndani."

Walicheka kweli, Wakenya wanapigana mabega.

"Tukirudi tukamuuliza, ulimwambia nini yule mtu? Akasema, nilimwambia acha, wangu. Tulicheka mpaka Mombasa. Yeye hakucheka. Kwa hivyo mimi nasema kipa hakuuza kitu. Alitii."

Edna alikuwa amesimama na chupa ya maji mkononi. Chupa ikaanguka, na hakujua imeanguka lini. Maneno mawili. Aliyajua hayo maneno mawili, yalikuwa jikoni kwake, yalikuwa gereji, mkono wake wa kulia uliyajua kuliko sala. Akajiambia hapana, Wakuria wako wengi, Nakuru ilikuwa na watu wengi, reli ilikuwa na wafanyakazi wengi. Alijipangia hivyo haraka haraka, na wakati bado anapanga, Nehemiah alikuwa ameshusha kipaza sauti na kukaza macho kwenye viti vya pembeni.

"Ngojeni kwanza," akasema. Akaanza kutembea. Akasimama mbele ya kile kiti, akainama kutazama chini ya ukingo wa kofia. "Reli?"

Mwita akavua kofia. "Nehemiah," akasema. "Umekonda."

Wageni wakapiga makofi. Nani hapendi wazee wawili wakikutana? Lakini Watanzania waliomjua Edna hawakupiga. Anatoli alitazama majani ya uwanja, na yule bwana wa Annandale akapata kazi ya haraka kwenye jiko la nyama. Edna alivuka ule uwanja mpaka kwenye kile kiti.

"Baba mdogo. Reli ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nikiwa kisimani Musoma, nikitukanwa, Reli ulikuwa wewe."

"Ndiyo, mwanangu."

Edna alitaka mzee akatae. Angekataa wangekuwa na la kugombana, na kugombana Edna anakuweza. Lakini mzee alikuwa anamtazama usoni, kofia magotini, hana pa kujificha wala hatafuti. Nehemiah akauliza kwa sauti ndogo kuna nini, na binti yake akamvuta koti kumwondoa.

"Nilikwambia jana kwamba anakuja," Edna akasema. "Ulijua atakutambua. Umefuata nini?"

"Ulitafuta mtu aliyekuwa uwanjani," Mwita akajibu. "Ulipomtafuta nje ya nyumba na mimi nimo humo humo, niliona aibu kubaki kitandani."

Edna akamgeuzia mgongo, akaenda mpaka kwenye ukingo wa mto. Mtu huyu alimsomesha. Alimnunulia koti la kwanza la baridi. Baba yake alipofariki, Mwita alimkatia tiketi ya kwenda kuzika na yeye mwenyewe akabaki, akasema mmoja lazima abaki na kazi, na Edna akamwonea huruma, akamletea udongo wa kaburi kwenye kimfuko. Akampigia mama yake kwa simu ya picha. Musoma ilikuwa jioni, na Mama Honorata akatokea na nusu ya uso, kama kawaida yake, nusu nyingine ni dari.

"Mama, nimemjua Reli," Edna akasema.

Mama yake hakuuliza ni nani. Aliuliza, "Nani amekwambia?"

Hapo Edna akakaa chini kwenye majani, mtu mzima, nesi wa miaka yote hiyo, akakaa kwa kishindo. "Kumbe ulijua?"

"Mke wake nisijue?" mama akasema. "Baba yako alinikataza. Alisema akikwambia Mwita mwenyewe, au ukijua kwa njia zako, sawa. Lakini nisikwambie mimi. Alisema mtoto akishampoteza baba, asije akampoteza na baba mdogo. Nilimgombeza sana. Hakusikia." Akajifuta kwa ncha ya kanga. "Mwita yuko hapo? Mpe simu."

Sitakudanganya kwamba Edna alikwenda kwa moyo mweupe. Alikwenda kwa sababu mama yake kasema. Akamkabidhi simu bila kumtazama, akasimama karibu, maana masikio ya mzee yanataka sauti ya juu.

"Shemeji," Mwita akasema.

"Hukuja kumzika kaka yako," Mama Honorata akasema.

"Sikuja."

"Ungekuja ningekupa neno lako siku hiyo hiyo. Alikuachia. Nimezeeka nalo." Akakohoa. "Alisema, mwambie Mwita sikuuza, na wala sikudanganywa na mtu. Niliisikia sauti yake nyuma yangu, nikadhani tuko nyumbani."

Mzee Mwita alishikilia simu ile ile mahali pale pale. Mama Honorata akaita, shemeji, shemeji, unanisikia? Miaka yote hiyo alijua kaka yake anamlaani, na alijipangia kuishi nayo hiyo laana, akaizoea. Hili jingine hakuwa amejipangia popote. Edna ikambidi aitoe simu vidoleni mwake kimoja kimoja.

Nyuma yao Anatoli alikuwa ameanza kusoma. Aliheshimu ahadi yake, jina la kwanza likawa la golikipa Christopher, na watu wote wakasimama, njano na nyekundu, makofi yakaenda mpaka ng'ambo ya mto. Hilo ndilo Edna alilopigania tangu utoto. Mikono yake ilining'inia tu. Alilisikia jina la baba yake likipita juu ya vichwa vya watu, safi, na hakujua alishike wapi.

Kenya walishinda tatu kwa mbili, kama kuna mtu anauliza. Jua lilipogeuka watu wakaanza kukunja viti. Edna hajamsamehe, tusidanganyane, na hakujua kama atamsamehe, na njia ya Germantown ni ndefu kwa watu wawili wasiosema. Aliinama kuchukua kasha la vinywaji, bado lina barafu nusu, zito. Mzee akaja na magoti yake, akashika mpini wa pili.

Edna akasubiri yale maneno mawili. Vidole vilikuwa tayari kuachia.

Mzee hakusema. Alishika upande wake, akamtazama, akangoja, na wakalibeba wote wawili mpaka kwenye gari.