Mistari Sita ya Babu

"Shangazi, nyamaza kidogo, nimeona kitu," fundi wa simu alisema, na shangazi yake, aliyekuwa akishona vifungo upande wa pili wa kibanda, akanyamaza kweli, jambo ambalo si la kila siku.

Fundi hakuwa amegusa simu hata moja tangu asubuhi. Alikuwa akisoma mistari sita ya programu iliyotumwa kwa barua pepe kwa watu wote wanaojitolea kuunda mfumo endeshi wa kompyuta, naye akiwa mmoja wao. Kazi ya mistari hiyo ilikuwa ndogo: ipewe ukubwa wa faili, iseme faili hilo linahitaji visanduku vingapi vya nafasi kwenye diski. Aliyeiandika ni msimamizi wa sehemu ya kuhifadhi mafaili, waliyemwita Babu, ambaye aliwahi kumrudishia fundi kazi mara tatu kwa sababu ya nafasi tupu mwishoni mwa mstari. Wakaguzi wawili walishaipitisha. Nani amkosoe Babu?

Ila Babu aliongeza kwanza ziada juu ya ukubwa wa faili, ili kisanduku cha mwisho kihesabiwe, ndipo akagawanya. Kwa faili la kawaida, hakuna neno. Kwa faili kubwa kupindukia, jumla ingezidi namba kubwa kuliko zote ambayo kompyuta inaweza kuishika na kurudi sifuri, kama mita ya gari iliyomaliza tarakimu. Diski ingeambiwa faili halihitaji nafasi, kisha lingeandikwa juu ya picha na barua za watu. Fundi aliwajua watu hao; huja kibandani wakilia. Akaijaribu. Sifuri. Akarudia, kwa furaha na hofu pamoja, maana akikosea, hakuna atakayesoma tena kitu chake.

Shangazi akauliza kama huyo Babu ni mkali. Fundi akasema mkali balaa.

"Wewe umeona au hujaona?"

"Nimeona."

"Basi mwambie. Kwa adabu, lakini mwambie."

Aliandika sentensi tatu, akafuta mbili, akabandika ile sifuri, akatuma. Kisha akafungua simu ya mteja na kuifunga tena vilevile ilivyokuwa.

Jibu lilifika kabla ya saa sita. Alilisoma kwa sauti.

"Ni kweli. Nimeandika hivi miaka ishirini. Viko vipande vingine kumi na kimoja vya namna hii. Naomba uvikague wewe kwanza."

Fundi alicheka mpaka machozi yakamtoka. Alikuwa ameshafungua cha kwanza, kidole kikifuata mistari kwenye kioo, mteja alipofika kuulizia simu yake. Shangazi akamvutia kiti.

"Kaa kidogo," alimwambia. "Anamkagua Babu."