Koti la Kwendea Nkombo

Siku hiyo mjinga nilikuwa mimi, na sitaki mtu aninyang'anye cheo hicho, maana nilikihangaikia.

Jina langu Mudathiru, fundi cherehani wa Kamembe, mji wa Rwanda kando ya Ziwa Kivu. Miaka mingi nimemeza dawa za virusi, na miaka yote hiyo nilizifuata mbali, Rwimbogo, huku nikiwaambia majirani naenda kupima sare za wanakwaya. Mwislamu mzima, kila mara nashonea kwaya! Ajabu ni kwamba waliamini. Zulaikha, mke wangu, ndiye pekee aliyejua.

Basi mara ya mwisho nesi wa Rwimbogo akanipokea kwa kicheko: "Papa, usijichoshe tena. Sasa ba bima, vituo vya afya na bale ba musaada wa nauli banasoma mahali pamoja, ndani ya mashine moja. Ukishakubaliwa mara moja, imeisha. Kituo chochote cha wilaya kitakupa dawa."

Yeye alicheka, mimi nikatoka jasho. Kama kila dirisha linanijua, si nimekuwa tangazo la redio? Nani mwingine anasoma hapo? Kiongozi wa mtaa? Shemeji?

"Enda kituo cha Gihundwe, ni hapa tu," Zulaikha akasema.

"Nipite mbele ya wateja wangu? Wajue?"

"Bateja bako banajua kama suruali zao hazijaisha. Hiyo tu ndiyo inabauma."

Nikagoma. Rwimbogo nako sikutaka kurudi, nesi yule angenicheka tena. Tarehe ya dawa ikapita, vidonge vikabaki vya kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Ndipo akili yangu, ambayo maisha yameichapa sana bila kuifunza, ikaniletea mpango: niende Nkombo, kisiwani, ambako hakuna anayenijua, nikaijaribu mashine yao huko. Ikinitangaza, wasikie sambaza tu, dagaa wa ziwani.

Nikavaa koti refu, kofia hadi masikioni na miwani myeusi. Jua lilikuwa kali. Wachuuzi waliojaa kwenye boti wakakonyezana nilipopanda. Mmoja wao, waliyemwita Maman Mukakalisa, alikuwa amekalia gunia la unga, na chini ya gunia pindo la kitenge likachungulia. Fundi ni fundi: nikainama, nikalishika, nikalisugua kwa vidole. Kitenge kizuri, cha Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Akakivuta kwa nguvu, akatoa simu, akaanza kunong'ona.

Tulipofika, watu walikuwa wamejipanga ufukweni.

"Ni ule wa miwani!"

"Muntu wa ushuru!"

Wakanisindikiza hadi kituo cha afya, nikiongeza mwendo nao wanaongeza. Maman Mukakalisa akanitangulia, akauziba mlango kwa mwili wake.

"Papa, sema. Nani alikutuma? Kitenge yangu ilikukosea nini?"

"Mimi si wa ushuru, maman. Mimi fundi wa nguo."

"Fundi gani anavaa koti na jua hii? Uko unaficha sura."

"Nimekuja kwa mambo yangu."

"Mambo gani? Hapa haupite."

Juu ya bega lake nilimwona nesi akikusanya vitu vyake na kuanza kulivuta dirisha la dawa. Nikakumbuka vile vidonge nyumbani. Sauti ikanitoka, na sauti yangu ni ya sokoni:

"Nimefuata dawa za virusi! Za ukimwi, jamani! Nipisheni!"



Maman Mukakalisa akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, akasogea. "Na weye ungesema tu," akasema. "Ulitushitua na vitenge vyetu bure."

Nesi, jina lake Védastine, akalifungua tena dirisha. Akachukua kitambulisho changu, akabonyeza namba, akatazama kioo kidogo, akaniletea dawa za miezi kadhaa. Hakudai barua wala kunituma ofisi nyingine. Ilikuwa rahisi mno, na mimi kitu rahisi hunitia shaka. Nikainamia dirisha, nikanong'ona:

"Dada, niambie kweli. Hiyo mashine itamwambia nani habari zangu?"

"Nesi anayekuhudumia tu, Papa. Bale ba bima na ba nauli banaona kama unastahili, basi. Ugonjwa habauone."

"Unaapa? Siri hii nimeitunza miaka, sitaki mashine inimwagie kwa siku moja."

Védastine akatazama nyuma yangu, mlangoni, ambako Nkombo nzima ilikuwa imesimama na magunia yake ikisikiliza.

"Papa, hata ikitaka kusema, itaambia nani tena? Kisiwa yote umekwisha kuiambia weye mwenyewe."