Mkwaruzo wa Dakika Nne

Kafedha Lewa, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo haikusikitika hata kidogo kumwona akienda likizo, alikuwa na ushahidi kwamba marehemu babu yake alikuwa mwongo.

Ushahidi wenyewe ulikuwa filamu ya Kihindi. Baba yake, Lewa, aliitazama utotoni kwenye kanda ya video mpaka kanda ikakatika, na tangu hapo hajachoka kuwasimulia wanawe. Mtoto anapiga tarumbeta kila treni inapoingia stesheni, akimngoja mama yake aliyesafiri. Mwishoni mama anashuka, anamkumbatia. Lewa hakupata kuifikisha hadithi hapo bila kupenga kamasi. Kihindi hakujua hata neno. Mfasiri alikuwa Babu, ambaye kwa maelezo yake mwenyewe alijifunza lugha hiyo kwa kubeba magunia dukani kwa Mhindi.

Kafedha ndiye aliyeipata filamu mtandaoni. Aliitazama kwanza peke yake, mlango wa chumba kaufunga, maandishi ya Kiingereza yakipita chini ya picha. Anayeshuka kwenye treni si mama. Ni "aunt".

Mtu mwema angenyamaza. Kafedha aliuona wema huo, akaupungia mkono, akaupita.

Jumapili baada ya kanisa Lewa alifunga madirisha, maana malori ya Changamwe hayajui siku ya Bwana. Mama yao alikuwa kazini, zamu ya mchana. Tsofa, mdogo wake Kafedha wa darasa la pili, alikaa sakafuni. Bibi Dorcas alikaa mkekani akichambua mbaazi kwenye ungo.

"Nyamazeni sasa," Lewa akasema, ingawa aliyekuwa akisema ni yeye peke yake.

Filamu ikaenda vizuri mpaka mama wa kwenye picha alipolala kitandani akikohoa. Lewa akadaka rimoti.

"Hapa hamna kitu. Pana mkwaruzo. Babu alikuwa akiparuka."

"Lakini hii si kanda, baba," Tsofa akasema.

"Mkwaruzo ni mkwaruzo." Akaruka dakika nne.

Kafedha, aliyejua kilichokuwamo katika dakika hizo, akajizuia kama jemadari anayebana risasi.

Treni ya mwisho ikaingia. Lewa akatoa leso mapema. Mwanamke akakanyaga ngazi, na Kafedha akanyakua rimoti, akabonyeza. Maandishi yakajitokeza.

"Nini hicho?"

"Tafsiri, baba. Soma."

Lewa akasoma, midomo ikimcheza. "Shangazi?"

"Shangazi! Babu kakuchezea shere miaka yote hiyo."

Alitarajia kicheko, au ndala. Havikuja. Baba yake alikaa tu, leso mkononi, kama mtu aliyepewa kitu cha kushika na mwenyewe hakurudi kukichukua. Kafedha akahisi mzaha unamkauka mdomoni.

"Shangazi gani huyo analia hivyo?" Tsofa akauliza. "Shangazi Mweri akija, kwanza huuliza kumepikwa nini."

Kwenye runinga mtoto akapiga ukelele, akakimbia. Bibi Dorcas akainua kichwa.

"Amesema nini huyo?"

"Mausi, bibi," Kafedha akajibu.

"Hebu rudisha." Akasikiliza tena. "Huyo si shangazi. Mausi ni dada wa mama. Nilipoletwa nyumba hii babu yenu alikuwa akiniita hivyo, nami nikadhani ananitukana. Wiki nzima sikumpikia."

Kafedha alijua, kama mtu anavyojua tarehe za vita vya zamani, kwamba aliyemzaa Lewa alifariki mapema, na kwamba Bibi Dorcas ni mdogo wa marehemu huyo, aliyekuja kulea. Hakuwahi kufikiri kwamba jambo hilo lilimhusu mtu yeyote aliye hai.

"Ni mama mdogo," Bibi akasema. "Mama mdogo si mama?"

Akatupa mbaazi mbovu kando.

"Basi. Kiingereza chenu ndicho kimekosa neno. Mzee alifasiri sawasawa."

"Sasa bibi, kama alikuwa mkweli," Kafedha akauliza, udadisi ukimtangulia akili, "kwa nini aliruka pale mama mwenyewe anapokufa?"

Lewa akageuka. "Anakufa?"

Kafedha akatamani kurudi bweni saa hiyo hiyo.

"Kaburi la dada yangu lilikuwa bado bichi," Bibi akasema polepole. "Wewe ungewaonyesha watoto?"

"Na mkwaruzo?" Lewa akauliza.

"Kanda ilikuwa mpya, mwanangu."

Lori likapita, vioo vikatetema. Lewa akaikunja leso mara mbili, akaiweka mfukoni.

"Rudisha, Kafedha. Zile dakika nne."

"Baba, mimi nilikuwa nafanya mzaha tu…"

"Najua. Rudisha."

Akarudisha. Mwanamke akakohoa, akamkabidhi mwanawe tarumbeta, akafumba macho. Maandishi yalipita mbio, Tsofa hakuyawahi hata neno.

"Amelala?" akauliza.

Akamtazama dada yake, msomi wa nyumba. Kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema, Kafedha aliulizwa swali akaliacha lipite.

"La," Lewa akasema. "Amekufa."

Uso wa Tsofa ukaanza kukunjika. Bibi Dorcas akasukuma ungo kando, akamvuta mapajani.

"Tulia, mwanangu," akamwambia. "Mimi naja mwishoni."