Damu Safi ya Fundi Kufuli

Mimi simwamini mgonjwa anayetabasamu akitolewa damu. Nimekuwa muuguzi miaka kumi na tisa, na nimeona watu wazima wakimwaga vidonge chooni ili nikihesabu kopo, hesabu itimie. Kwa hiyo daktari wetu alipoanza kupiga miluzi koridoni kwa kumfurahia mgonjwa wetu, Fundi Kufuli, machale yalinicheza.

Fundi huyo, mtengenezaji wa makufuli na funguo, alikuwa mmoja wa watu kumi na wawili waliojitolea kwenye jaribio letu. Tuliwapa dawa mbili kwa pamoja: moja ya kuviamsha virusi vya UKIMWI vinavyojificha mwilini, nyingine ya kuusaidia mwili kuviua vikishaamka. Kisha tukawasimamishia vidonge vyao vya kila siku vya kufubaza virusi, tukawa tunawapima kila wiki. Virusi vikirudi, mtu anarudishiwa vidonge siku hiyo hiyo. Kufikia wiki ya saba vilikuwa vimewarudia kumi na mmoja. Wiki ya kumi na sita, damu ya Fundi ilikuwa bado safi.

"Sista, huyu amepona," daktari aliniambia.

"Au anatupiga chenga."

"Wewe hata malaika akikutokea utamwomba kitambulisho."

"Na asipokuwa nacho atakaa benchi kama wenzake."

Nikaomba maabara watafute kitu kingine kwenye damu ile: mabaki ya vidonge tulivyomsimamishia. Wakayapata, tena mabichi, ya siku moja au mbili.

Fundi alipokuja niliwaita yeye na mkewe. Mke naye ana virusi, lakini dawa zake huchukua kliniki nyingine, kwa hiyo hakuwa kwenye orodha yangu. Kazi yake kwetu ilikuwa kukaa nje na kumshikia mumewe koti.

"Fundi, unakunywa vidonge kwa siri," nilisema, nikamwekea karatasi mezani.

Akasimama. "Sista, usinitilie mchanga kitumbua changu! Nimeshamwambia mama yangu nimepona, bibi wa watu amelia siku nzima. Mmechanganya chupa!"

"Umevificha wapi? Dukani?"

Akaapa kwa watoto wake, mishipa ya shingo imemtoka. Nakiri nilikuwa naona raha. Nilijua nimemnasa.

"Mwache, sista," mkewe alisema. "Hajui lolote. Namsagia kwenye uji."

Daktari, aliyekuwa mlangoni, aliegemea ukuta. Niliona matumaini yakimtoka usoni.

"Kaka yangu aliacha dawa, tukamzika kabla mwaka haujaisha," mkewe aliendelea. "Mlipomwambia huyu naye aache, niliitikia kwa mdomo tu. Kila asubuhi nilikuwa namwangalia mpaka amalize bakuli."

Nilidhani Fundi atamfokea. Alikuwa amepoteza uponyaji wake mbele yetu, na aliyemnyang'anya ni mke wake mwenyewe. Lakini alikaa, akamtazama kwa muda mrefu, macho yakishuka kwenye mifupa ya mabega na gauni lililompwaya. Hapo ndipo na mimi nilipomtazama. Miezi minne nilimchunguza mwanamume huyu nusura nimpekue soksi, na mke aliyekuwa akipita mbele yangu kila wiki sikumwona. Aibu ilinishika.

"Vidonge ulivitoa wapi?" Fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Kliniki."

"Wanakupa kopo moja kwa mwezi. Kidonge kimoja kwa siku, cha kwako peke yako."

Mke alikuwa anachezea kifungo cha koti.

"Mama watoto, miezi yote hiyo wewe ulikuwa unakunywa nini?"

Alianza kulia bila sauti. Nikavuta kiti karibu, nikamwomba akunje mkono wa gauni, nikaanza kumtafuta mshipa.