Mwanachama Aitwaye Meshack

Siku aliyotoka hospitali, Optatus alikaa kwenye kigoda chake, akashika nyundo, na kabla ya kuweka bati akagonga kile kipande cha reli wanachofulia mafundi. Ko, ko, ko. Mara tatu. Kisha akashtuka, mkono ukabaki hewani. Yeye hakuwa na tabia hiyo. Aliyekuwa nayo ni kaka yake Meshack, na Meshack alikuwa na miaka sita kaburini.

"Vipi Meshack, umesahau kazi?" Gideoni, fundi bati wa kibanda cha pili, alimtania.

Optatus hakumsahihisha. Alikuwa amekwisha kuzoea. Dodoma nzima mtu mmoja tu ndiye aliyemwita Optatus, naye ni Anyesi, mama wa mtoto wake.

Mambo yalianza mwaka 1993. Meshack alikuwa fundi wa majiko na koroboi, anajulikana kuanzia stesheni hadi sokoni. Alipofariki walimpeleka kwao Gulwe kwa treni, wakamzika. Sasa, katika ukoo wao fundi akifa kazi yake haiachwi ilale. Mdogo wake huvishwa kofia ya marehemu, hukabidhiwa vifaa, na akiwa kazini huitikia jina la marehemu mpaka mtoto wa marehemu akue alichukue. Ni desturi nzuri tu. Ila Meshack hakuacha mtoto, na katika wazee wote waliokaa matangani wakinywa pombe ya mtama, hakuna aliyeuliza jina lile litarudishwa lini na kwa nani.

Optatus akavaa kofia, akapanda treni kwenda mjini. Watu wa leseni walipokuja, walikuta leseni ya Meshack wakaiandika upya. Mgambo wa kodi ya maendeleo walipotaka risiti, walioneshwa ya Meshack wakaenda zao. Ikaja namba ya mlipa kodi, Meshack akapewa. Jamani, mtu hai asiye na risiti walikuwa wanamkimbiza mpaka anaingia mtaroni, na marehemu mwenye risiti wanamsalimia kwa heshima!

Miaka miwili iliyopita akapita bwana mmoja wa mfuko wa hifadhi ya jamii. Aliwaeleza mafundi kwamba hata aliyejiajiri anaweza kuchangia, ili akiumia au akifa familia yake isihangaike. Anyesi alikuwa nyumbani Nzuguni na mimba ya Lea. Optatus aliyapenda maneno yale, akaomba fomu palepale. Penye jina akaandika Meshack, maana ndivyo leseni ilivyosema. Penye jina la mke, kalamu ikaenda yenyewe: Devota. Huyo ni mjane wa kaka yake, aliyekwisha kuolewa tena huko Tabora. Chini akatia sahihi yenye mkia mrefu, ileile ya Meshack, ambayo hakuwahi kujifunza. Aliitazama karatasi, akataka kuichana. Lakini akaona haya kuomba fomu nyingine, akairudisha, akachangia mwezi baada ya mwezi.

Na sasa daktari alikuwa amemwambia bila kuzungukazunguka. Moshi wa kulehemu ulikuwa umemla mapafu. Mwaka mmoja, labda miwili. Optatus hakulilia roho yake. Alichowaza ni kwamba siku akizikwa, Devota atalipwa kule Tabora, na Anyesi atatolewa kwenye chumba cha kupanga na Lea mgongoni.

Akaenda ofisi za mfuko. Bi Mwanahawa, mhudumu wa dirishani, alimsikiliza vizuri.

"Kwa hiyo jina lilikosewa, baba?"

"Lilikosewa, dada. Mimi ni Optatus. Meshack ni kaka yangu."

"Haina shida. Niletee barua ya kijiji inayokutambua kwa jina hilo. Tutarekebisha, na mkeo tutamwandika."

Akarudi kibandani na moyo mwepesi. Jioni alimwambia Anyesi, "Nakwenda kulichukua jina langu." Anyesi akacheka, akamfungia viazi vya njiani.

Gulwe alimkuta mtendaji wa kijiji, bwana Ludovick, kijana mgeni aliyehamishiwa pale mwaka jana. Walisalimiana kwa Kigogo, "Mbukwa," "Mbukwa," kisha Ludovick akafungua daftari la walipa kodi, akateremsha kidole, akasita.

"Meshack yupo. Kahamia Dodoma. Optatus kakatwa. Amefariki, 1993."

"Optatus ndiye mimi."

Ludovick alimgeuzia daftari aone mwenyewe. Kisha akasema taratibu, kwa huruma zaidi kuliko ukali, "Mzee, nikikuandika u hai, nitaulizwa nani alimdanganya mwenzangu aliyenitangulia, na hapa pana dole gumba la mama yako. Halafu kodi ya miaka sita. Ukifufuka humu, unafufuka na deni, na mama anakwenda kujibu."

Optatus akaenda kwa mama yake. Alimkuta anapepeta mtama uani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Meshack."

"Mama, hata wewe?"

Mama akaweka ungo chini. "Walikuja kudai kodi ya watoto wawili. Nikasema mmoja amekufa. Wakauliza yupi. Jina la Meshack lilikuwa na leseni, lilikuwa linatulisha. La kwako halikuwa na kitu. Ningefanyaje, mwanangu?"

"Na kaburini?"

Mama akaokota ungo, akaendelea kupepeta. Optatus alikwenda mwenyewe nyuma ya nyumba. Msalaba wa bati alikuwa ameufua yeye, ukiwa mtupu, siku ya mazishi. Tangu hapo hakuwa amerudi kaburini, na baadaye mtu alikuwa ametoboa herufi kwa msumari, ili mgambo wakija waone. OPTATUS. Alisimama mbele yake akaogopa kama ambavyo hajapata kuogopa maishani. Aliona wazi kwamba Meshack hakuwa mle, na kwamba kwa miaka sita kaburi lile lilikuwa linamtunzia yeye nafasi.

Hakuomba barua. Angeombaje, mama yake apelekwe mahakamani na uzee ule?

Juma lililofuata alirudi kwa Bi Mwanahawa, Anyesi yuko pembeni yake na Lea mgongoni.

"Jina libaki hivyohivyo," Optatus alisema. "Nibadilishie mke tu."

"Sawa. Kwa hiyo kumbe wewe ni Meshack." Bi Mwanahawa hakuinua macho. Akavuta fomu mpya, akamgeukia Anyesi. "Mama lazima uthibitishe mwenyewe. Jina la mume wako?"

Anyesi alikaza khanga iliyombeba Lea. Usiku uliopita alikuwa ameambiwa yote, akasema yeye hawezi, yeye hajaolewa na maiti. Lea akakohoa mgongoni. Anyesi akamtazama Optatus usoni, machozi yakimlengalenga, kama mtu anayeaga stesheni.

"Meshack," alisema.

"Na mtoto?"

"Lea. Lea Meshack."

Bi Mwanahawa akagonga muhuri. Sasa Anyesi na Lea walikuwa salama, wala hakuna mtu wa Tabora atakayewanyang'anya. Optatus alitia sahihi. Ule mkia mrefu ukatoka bila taabu.

Kesho yake mchana Anyesi alimletea chakula kibandani. Alitembea haraka kuliko kawaida. Jambo lile lilikuwa limemkosesha usingizi, na alitaka kulifuta. Alisimama nyuma yake, akaita kwa sauti ya kutosha, "Optatus!"

Nyundo iliendelea kugonga.

"Optatus! Ni mimi!"

Alikuwa anakunja ukingo wa jiko, ameinamia reli, wala hakugeuka. Gideoni akanyanyua kichwa kwenye kibanda cha pili, akaangua kicheko.

"We Meshack, masikio umeyatia bati? Shemeji kaleta chakula!"

Nyundo ikanyamaza. Akageuka na kofia ile kichwani, akamtazama Anyesi kwa uso wa upole wa fundi anayemkaribisha mteja.

"Karibu, mama," akasema.