Matone Sita ya Nyekundu

Ujumbe wa saba wa wiki ile uliingia kwenye simu saa mbili kasoro asubuhi, Mama Pacha akiwa bado anafunga vifungo vya koti lake la kazi. "Sisi ni familia moja! Leo umefanya nini kumfurahisha mwenzako?" Chini yake Afisa Utumishi alikuwa ameweka maua matatu na jua linalocheka.

Mama Pacha alisonya hadi mpakiaji wa ndoo akageuka.

"Familia gani hii," alisema, "inayotoa watu kumi na wawili nje kabla ya chai, kisha inawauliza waliobaki kama wana furaha?"

"Mama, usijitafutie balaa. Tuma jua."

"Nitume nini?"

"Jua. Mimi nimeshatuma mawili. Wanasema awamu ya pili ipo njiani, na wasiojibu wanaandikwa."

Mama Pacha alituma jua, uso wake ukiwa mawingu matupu.

Alikuwa amechanganya rangi za nyumba katika kiwanda kile kwa miaka tisa. Kazi hiyo alifundishwa na mtu waliyemwita Macho, kwa kuwa aliweza kusimama mbele ya kuta mbili nyeupe akakwambia ipi ilipakwa kwanza. Macho alikuwa mmoja wa wale kumi na wawili. Alipewa bahasha, katoni ya kutilia vitu vyake na mlinzi wa kumsindikiza hadi getini, utadhani angeondoka na mashine mfukoni.

Kulikuwa na jambo moja ambalo chumba kizima cha kuchanganyia kililijua na ofisi haikulijua. Ama, tuseme kweli, ilikataa kulijua. Kompyuta ya mashine ilikuwa na vipimo vya kila rangi, lakini vipimo hivyo viliwekwa kabla kiwanda hakijabadili msambazaji wa rangi ya manjano. Manjano mpya ilikuwa inaelekea kwenye kijani, na kila rangi yenye manjano ilihitaji nyekundu kidogo ya kuirudisha sawa. Macho aliligundua hilo siku ya kwanza. Kubadilisha kipimo ndani ya kompyuta, hata hivyo, kulihitaji fomu yenye sahihi tatu: ya meneja, ya mkaguzi wa ubora na ya mtunza stoo. Macho aliijaza fomu hiyo mara nne, na mara nne ikalala ofisini. Basi akachukua utepe wa karatasi, ule ambao wapaka rangi huzibia kingo za madirisha, akaandika: "Krimu: ongeza matone sita ya nyekundu." Akaubandika ubavuni mwa mashine. Baada ya miaka mitatu ubavu ule ulikuwa umejaa tepe kama majeruhi aliyefungwa bandeji, na hakuna ndoo hata moja iliyowahi kurudishwa.

Wiki moja baada ya watu kuondolewa, ofisi ilitangaza Siku ya Mwanzo Mpya. Kila mtu alivalishwa fulana ya rangi ya chungwa, akapewa kitambaa na maji ya sabuni. "Tunasafisha yaliyopita!" Meneja alitangaza kwa kipaza sauti, ingawa chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alimsikia vizuri. Mama Pacha alipangiwa mashine.

"Na hayo makaratasi, dada," Meneja alisema akipita. "Toa yote. Wageni wakija tutaaibika."

Zamani angesema. Zamani angemsimamisha bosi pale pale amweleze tone kwa tone, na kama asingeeleweka angemfuata hadi ofisini. Siku ile alifungua mdomo, akamkumbuka Macho akitembea na katoni yake, akaufunga. Mnataka pasafi? Haya, pasafi hapo. Akabandua utepe mmoja baada ya mwingine, na akaona raha. Hiyo raha ndiyo iliyokuja kumkera kuliko yote.

Siku nne baadaye, krimu ya kupaka wodi ya watoto hospitalini iliangukia mikononi mwa mama aliyehamishwa kutoka sehemu ya mifuniko ili kuziba pengo la Macho. Mama yule alifuata kompyuta, nukta kwa nukta. Nani angemlaumu? Kuta zilipokauka zilikuwa na kijani cha maji ya bwawa. Mganga mkuu alipiga simu akauliza kama kiwanda kilikusudia kuwaponya watoto au kuwatapisha.

Ndipo Mama Pacha akaitwa juu.

"Soma, kisha utie sahihi," Meneja alisema, akimsogezea karatasi juu ya kioo cha meza.

Alisoma. Ilisema kwamba yeye anashuhudia kuwa Macho, kwa hasira ya kuondolewa, aliacha vipimo vya uongo ndani ya kompyuta.

"Lakini Macho hakuwahi kugusa vipimo, bosi. Hata nywila hakuwa nayo."

"Dada yangu, mtu ameshaondoka. Hili halimpunguzii kitu."

"Anasubiri barua yenu ya kumpendekeza. Kiwanda cha vigae kinaitaka kabla ya Ijumaa."

"Hilo ni suala lingine." Meneja aliiweka kalamu juu ya karatasi. "Mimi nakufikiria wewe. Awamu ya pili naipanga mimi, na nahitaji watu watiifu."

Watiifu! Mama Pacha aliitazama kalamu. Nyumbani alikuwa na pacha wa kidato cha pili waliokuwa wakirefuka kila wiki, na hakuna mwingine wa kuwatazama. Sahihi moja tu.

"Tepe nilizibandua mimi," alisema. "Nilijua krimu itaharibika. Nikanyamaza. Andikeni hivyo, nitasaini."

"Unajua unachokisema?"

"Najua."

"Sasa kwa nini hukusema siku ile?"

Swali lile lilimchosha kuliko kazi ya siku nzima. "Macho alisema mara nne, bosi. Hebu fungua droo yako."

Meneja alivuta droo ya kwanza, kisha ya pili. Fomu zilikuwa chini kabisa, zote nne, moja ikiwa na alama ya duara la kikombe cha chai. Alizisoma kwa muda mrefu kuliko zilivyohitaji.

"Kwa hiyo nikisaini leo, kompyuta itarekebishwa?"

"Sahihi ni tatu, bosi. Mkaguzi wa ubora na mtunza stoo mliwaondoa siku moja na Macho."

Meneja aliivuta ile karatasi ya maelezo upande wake, akaifunika kwa kiganja. Hakuichana, wala hakumsogezea tena.

"Nenda kachanganye krimu upya."

"Na barua ya Macho?"

"Nimesema nenda."

"Nitaisubiri," Mama Pacha alisema, akavuta kiti, akaketi.

Meneja alimtazama, akaitazama saa, akaitazama simu iliyokuwa ikiwaka kwa jina la mganga mkuu. Akamwita katibu muhtasi.

Mama Pacha alirudi chini na barua ndani ya koti. Juu ya awamu ya pili hakuahidiwa lolote, naye hakuuliza. Alikata kipande cha utepe mpya, akaandika maneno yale yale ya Macho, akakibandika mahali pale pale. Simu ikatetema mfukoni.

"Mama, ujumbe mwingine huo!" mpakiaji aliita. "Jua!"

"Nina kazi," alisema, akaanza kuhesabu matone.