Kikohozi cha Msimamizi

Kila Jumatatu saa mbili asubuhi, kabla mtambo wa kuchapa noti haujawashwa, msimamizi alivua kofia na kuwasomea wafanyakazi ibara ya katiba: noti mpya zisichapishwe bila idhini ya Bunge. Kisha aliwaonyesha barua ya idhini, na kazi ikaanza.

Jumatatu moja barua haikuja. Ilikuja simu kutoka juu. Msimamizi akavua kofia, akafungua kitabu, akakohoa pale penye ibara, akavaa kofia. Mkaguzi wa noti aliona wazi kilichotendeka, lakini mwenye nguvu mpishe, akashika kazi yake.

Jioni alimkuta mama yake, mwalimu mstaafu, amefungua kopo la biskuti lenye akiba ya kutolewa mtoto wa jicho. Alikuwa akizipapasa noti.

"Zimepungua upana wa kidole," mama alisema. "Leo hamkusoma."

"Msimamizi alikohoa, Mama."

"Mpe pole."

Msimamizi aliendelea kukohoa wiki baada ya wiki, na noti ziliendelea kupungua, picha na tarakimu zote zikiwa mahali pake. Mafundi cherehani walipunguza mifuko ya suruali. Wenye maduka walinunua vibano vya nyusi. Daktari wa macho naye alikuwa na chake. Alizihesabu noti za mama kwa adabu, akazirudisha.

"Mwaka jana zingetosha macho yote mawili, mwalimu. Leo hazifiki hata nusu ya jicho moja."

"Mwaka jana nilikuwa kwenye foleni yako," mama alimjibu.

Njiani mkaguzi alimshika mama mkono kumvusha barabara. Hata magari mama hakuyaona tena.

Jumatatu iliyofuata, msimamizi alipomaliza kukohoa, mkaguzi alisogea mbele, akachukua kitabu, akaweka kidole kwenye ibara. Wenzake walisubiri. Akafungua kinywa, akamkumbuka mama na kodi ya nyumba, akakohoa. Msimamizi akampa maji. Mtambo ukawashwa.

Jioni mama alikuwa ameketi mezani, uso ameuelekeza mlangoni.

"Mmesoma leo?"

"Nimekohoa, Mama."

Mama akapapasa kiberiti, akamwaga njiti zote mezani, akahamishia humo akiba yake ya miaka thelathini. Nafasi ilibaki.